ACHENI KUSEMA "KEMO IMEMMALIZA FIGO"

SEHEMU YA 1: Sentensi inayozika watoto

Mama zangu, dada zangu, na nyie baba watoto mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, leo sina salamu ndefu. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nina hasira. Naandika hivi hivi.

Asubuhi natoka getini, pale chini ya mti ambapo ndugu wa wagonjwa wanasubiri muda wa kuingia wodini, nimemkuta mama kijana amempakata mtoto wa kiume, kama miaka mitano hivi. Shavu la kulia limevimba kama kaficha embe mdomoni. Mkononi mama ana karatasi ya kulazwa. Pembeni yake amekaa bibi mmoja mtu mzima, mpole kabisa, anamwambia: "Mwanangu, mrudishe nyumbani. Wakimwekea kemo itammaliza figo. Kijijini kwetu tumeshazika."

Yule mama akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi.

Jamani! Ugonjwa ule ninaoudhania mimi, wiki mbili tu za kurudi nyumbani zinatosha kumtoa mtoto kwenye kupona na kumpeleka kwenye kaburi. Na yule bibi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anamwonea huruma.

Mimi si daktari. Nina diploma yangu ya uuguzi na miaka kumi na moja kazini, sita ya mwisho kwenye wodi ya watoto wenye saratani huku Kanda ya Ziwa. Hiyo sentensi ya "kemo imemmaliza figo" nimeisikia mpaka nimechoka. Na sisemi kwamba figo hazifeli. Zinafeli, nimeona kwa macho yangu. Ninachopinga ni kwamba sentensi hiyo inamshika mshitakiwa mmoja na kuwaachia wengine wanne wakitembea mtaani. Na mmoja wa hao wanne ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo naandika sehemu saba. Someni mpaka mwisho, halafu ndo mnitukane.

SEHEMU YA 2: Huu ugonjwa ni wa kwetu

Saratani za damu na tezi kwa watoto zipo za aina nyingi. Ipo lukemia, ile inayoanzia kwenye uboho, ndani ya mfupa. Zipo limfoma, zinazoanzia kwenye tezi. Kwetu huku ukanda wa ziwa na pwani, ipo moja ambayo kila mama anapaswa kuijua kwa jina: limfoma ya Burkitt.

Jina limetoka kwa daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Aliona watoto wanakuja na mataya yamevimba, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 akapanda gari akazunguka maelfu ya maili Afrika, hospitali hadi hospitali, akiuliza: je, nanyi mnaiona hii? Akagundua uvimbe huu unapatikana kwenye maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 wataalamu Uingereza wakakuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Leo tunajua kirusi hicho pamoja na malaria ya mara kwa mara ndivyo vinavyoandaa njia. Hakuna aliyemroga mtoto wako. Na chandarua unachokipuuza ni sehemu ya kinga.

Mtoto anaweza kuanza na shavu kuvimba, meno yanalegea kabla ya wakati, jicho linatokeza. Au tumbo linajaa, na watu wanasema ana minyoo au ana bandama. Mwingine anashindwa kutembea ghafla.

Sasa shika hili, maana hoja yangu yote inasimama juu yake. Burkitt ni moja ya saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote kwa binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Uvimbe wa leo sio wa Jumapili ijayo.

Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo inayoufanya uisikie dawa. Kemo inaumaliza vizuri kuliko saratani nyingi za watu wazima. Kwenye nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Wanapona kabisa, wanaenda shule, wanaoa na kuolewa. Kwetu wanapona wachache zaidi, na ugonjwa ni ule ule. Kwa nini? Ndo tunakoelekea.

SEHEMU YA 3: Sinki la figo

Nyie wa kandokando ya ziwa mtanielewa haraka.

Ukiparua sato mmoja ukamwaga maji yake kwenye sinki, maji yanapita. Sasa chukua gunia zima la sato, uparue lote ndani ya saa moja, magamba na mafuta yote umwage kwenye sinki moja, na bomba la maji umelifunga. Nini kinatokea? Sinki linaziba. Utasema kisu ndicho kimeharibu sinki?

Figo ndo hilo sinki. Seli ya saratani ikifa inapasuka na kumwaga vilivyomo ndani. Kuna potasiamu, kuna fosfeti, na kuna mabaki ambayo mwili unayageuza kuwa asidi ya yuriki. Zikifa seli chache, figo zinachuja, mtoto anakojoa, yameisha. Lakini mtoto amekuja na tumbo lote limejaa uvimbe, dawa inaua seli mamilioni kwa mamilioni ndani ya siku moja hadi tatu. Asidi inaganda kama chenga ndani ya mirija midogo ya figo. Mkojo unapungua. Mkojo ukipungua potasiamu haina pa kutokea, inabaki kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unasimama. Fosfeti nayo inaishusha kalsiamu, mtoto anakakamaa vidole, anapata degedege.

Hili jambo lina jina hospitalini na lipo vitabuni miaka mingi. Sio siri, sio mkosi. Na kinga yake inajulikana:

Moja, dripu ya maji mengi, ianze kabla ya kemo, iendelee usiku na mchana.
Mbili, alopurinoli, kidonge kile kile wanachomeza wazee wenye gauti. Kinapunguza kutengenezwa kwa ile asidi. Sio kidonge cha matajiri.
Tatu, kupima damu mara kwa mara: potasiamu, kalsiamu, fosfeti, kreatinini.
Nne, kupima mkojo. Kila tone.

Na uvimbe ukiwa mkubwa sana, madaktari wengi wanaanza na dozi ndogo ya dawa siku za mwanzo, ili sinki lisipewe gunia zima kwa mpigo.

Kuna kitu kingine mnafichwa, au tuseme hamuelezwi. Kwa Burkitt na lukemia za kasi, figo zinaweza kuziba KABLA ya kemo hata tone moja. Seli zinazokua kwa kasi hiyo nyingine zinakufa zenyewe. Uvimbe wa tumboni unaweza kuingia kwenye figo zenyewe, au ukabana ile mirija ya kupeleka mkojo kwenye kibofu. Nimepokea watoto ambao kreatinini ilikuwa imeshapanda siku wanaingia getini. Hao nao tutasema wamemalizwa na kemo?

Mshitakiwa wa kwanza basi ni kuchelewa. Kila wiki unayozunguka, gunia linaongezeka.

Na siwadanganyi. Dawa zenyewe zipo zinazogusa figo. Methotreksati inatolewa mwilini na figo, na ikipewa kwa dozi kubwa bila maji ya kutosha inaweza kuganda mle ndani. Siklofosfamidi inaweza kuunguza kibofu mtoto akakojoa damu. Baadhi ya antibaiotiki tunazowapa wakipata maambukizi, mfano gentamisini, nazo zinatakiwa ziangaliwe. Ndo maana tunapima kabla, katikati na baada. Dawa yenye makali ikishikwa na mwenye macho inatibu. Hata moto wa jikoni kwako ni hivyo hivyo.

SEHEMU YA 4: Duka la dawa, kikombe cha mitishamba, na wauza "detox"

Mshitakiwa wa pili. Hapa najua nawagusa wengi, samahani, sitapunguza.

Njia ya watoto wengi ninaowapokea ni hii. Jino linalegea, mtoto anapelekwa kung'olewa jino. Uvimbe haupungui, duka la dawa anapigwa sindano ya diklofenaki siku tatu. Haupungui, sindano za malaria. Haupungui, kwa mganga anachanjwa chale, anapewa chupa ya lita tano ya mitishamba anywe kikombe asubuhi na jioni. Miezi miwili imeisha. Halafu ndo rufaa.

Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa nzuri kwa mtu mzima mwenye afya aliyeteguka mguu. Lakini zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtoto anayetapika, hali vizuri, hana maji mwilini, na ana uvimbe unaomwaga taka kila siku, ukimpiga sindano hizo mfululizo unamfungia bomba la sinki. Yule kijana wa dukani hajui. Anajua bei tu.

Mitishamba sasa. Mtaniambia ni ya asili. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili, mama. Ipo mimea iliyothibitishwa kuua figo za binadamu na hata kuleta saratani ya njia ya mkojo, mmoja unaitwa aristolokia. Sisemi chupa yako ina huo. Nasema hakuna anayejua ina nini, ipo kali kiasi gani, na mtoto wa kilo kumi na tano anywe ngapi. Mimi dripu nikiongeza kasi kidogo naulizwa na daktari. Mwenye chupa ya lita tano haulizwi na mtu.

Halafu kuna hawa wa mitandaoni. Shetani ana wajumbe. Anakuandikia "tunasafisha figo kwa siku 7", anakuuzia unga kwa bei ya nauli ya kwenda hospitali ya rufaa na kurudi. Figo haisafishwi kwa unga, dada. Figo ndiyo inayosafisha. Ikishindwa, kinachoisaidia ni mashine ya dayalisisi, na kwa watoto wengi waliozibwa na taka za saratani, mashine hiyo ni ya muda. Figo zinaamka zenyewe, kemo inaendelea. Nimeshuhudia.

Na msidhani ni watoto tu. Mama mzazi wako mwenye miaka sitini na kitu, mgongo unamuuma miezi sita, damu inapungua, anachoka, na kila wiki anameza diklofenaki: mpeleke akapimwe. Ipo saratani ya uboho inaitwa mayeloma, inayotengeneza protini zinazoziba figo, na inayeyusha mifupa mpaka kalsiamu inazidi kwenye damu. Wengi wanagundulika figo zimeshachoka. Sio kila mgongo ni mayeloma, hapana. Lakini maumivu yanayokula dawa miezi sita bila kipimo hata kimoja, hayo sio matibabu. Huko ni kujificha.

SEHEMU YA 5: Kitanda namba 9

Hii sehemu nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Miaka kadhaa nyuma, hospitali ambayo sitaitaja, sio ninayofanyia kazi sasa. Kitanda namba 9 alilazwa mvulana wa miaka sita, mtoto wa mvuvi. Taya na tumbo. Alikuwa ananiita "shangazi sindano". Kemo ilianza Jumanne mchana. Alopurinoli famasia ya hospitali ilikuwa imeisha, baba akaambiwa akanunue mjini, akaenda kutafuta hela kwanza. Mashine ya kupima potasiamu ilikuwa haina vitendanishi, damu ilibidi ipelekwe maabara ya nje, na maabara ile ilikuwa inafungwa jioni.

Jumatano usiku nilikuwa zamu. Wagonjwa 31, manesi wawili, mwenzangu kaenda kumsindikiza mgonjwa kwenye hospitali nyingine. Saa nane usiku nikapita kitanda hadi kitanda. Nikamuuliza mama yake: "Amekojoa?" Akasema: "Eeh, amekojoa." Nikaandika kwenye fomu: amekojoa. Sikuuliza kiasi gani. Sikuuliza saa ngapi. Sikuangalia kopo.

Hakuwa amekojoa tangu saa kumi ya jioni.

Kwa nini mama alisema uongo? Kwa sababu juzi yake mtoto alilowanisha shuka, na mmoja wetu akamfokea mbele ya wodi nzima. Mama wa watu akaamua jambo ambalo kwa akili yake lilikuwa la busara: akapunguza kumpa maji ya kunywa. Na ile dripu, mtoto aligeuka nayo usiku ikaacha kupita. Akaogopa kuniita kwa sababu nilikuwa naonekana nina kazi nyingi.

Saa kumi na moja alfajiri mtoto alianza kukakamaa vidole. Saa kumi na mbili na robo moyo ukasimama. Tulimkandamiza kifua dakika arobaini. Majibu ya damu yalirudi saa tatu asubuhi, potasiamu imepita kiwango ambacho moyo wowote ungeweza kuvumilia. Karatasi ya majibu ilimkuta kitanda kimeshatandikwa shuka nyingine.

Mama yake alipoondoka hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Tulimwambia: "Figo zilifeli baada ya kemo, pole sana." Sentensi moja. Akaibeba hiyo hiyo mpaka kijijini. Unadhani huko aliwaambia nini? Aliwaambia tulichomwambia sisi!

Sasa mnajua kwa nini yule bibi wa chini ya mti sikumkasirikia. Ile sentensi tumeitengeneza sisi wenyewe wodini, tukaisindikiza na pole, ikapanda basi ikaenda kijijini kukaa. Mshitakiwa wa tatu ni sisi tuliovaa sare.

SEHEMU YA 6: Wenzangu mtanichukia, na wakubwa pia

Tangu jana simu haijatulia. Nesi mwenzangu kaniandikia: "Unatuvua nguo hadharani. Unadhani tunakosa makusudi?" Mwingine anasema wananchi watazidi kuogopa hospitali.

Nawajibu kwa heshima. Wananchi wameshaogopa. Wanaogopa kwa sababu wanaona watoto wanakufa na hawaelezwi. Mtu akielezwa ukweli anakuwa na cha kushika. Asipoelezwa anashika chochote anachopewa na jirani.

Na ndiyo, hatukosi makusudi. Lakini kuandika "amekojoa" bila kupima ni uongo wa kalamu, hata kama umechoka. Kumfokea mama kwa shuka lililolowa kwenye wodi ambayo MKOJO NDIO UZIMA, huo ni ujinga wetu. Kwenye wodi ya saratani shuka lililolowa ni habari njema! Tulipaswa kupiga vigelegele.

Daktari naye asijifiche nyuma yangu. Kuandika kwenye faili "maji mengi, pima mkojo" bila kumweleza mama hata dakika tano ni nusu ya kazi. Mama yupo pale saa 24. Mimi namwona mtoto wake mara tano kwa zamu nikijitahidi.

Mshitakiwa wa nne ni wanaopanga bajeti. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa saratani za watoto, lengo ni kwamba ifikapo 2030 watoto walau 60 kati ya 100 wapone. Burkitt imo kwenye saratani sita zilizowekwa mbele. Vizuri sana. Sasa tukae tuulizane: tunafikaje huko kama wodi ina dawa ya kemo ya mamilioni lakini haina kitendanishi cha potasiamu? Mtu ananunua gari jipya halafu anakosa hela ya breki. Nesi wawili kwa wagonjwa 31 usiku, nani anapima mkojo wa nani?

Sitaki mashine mpya ya kukatiwa utepe. Nataka vitendanishi visikate, alopurinoli isikate, na nesi wa tatu usiku. Hayo hayapigwi picha, ndo maana yanasahaulika.

Wanaosema "serikali haina hela", nawauliza: siku moja ya dayalisisi na alopurinoli ya wiki nzima, kipi ghali? Kuzuia ni rahisi mara nyingi zaidi. Tunachagua kulipia kilicho ghali, tena tukiwa tumechelewa.

SEHEMU YA 7: Mama, hesabu mkojo

Sehemu ya mwisho. Piga picha, hifadhi, mtumie shoga yako.

Kama mtoto ana shavu au tumbo linalovimba na kila siku linaongezeka, meno yanalegea bila sababu, homa haiishi, anavilia damu au anaishiwa damu kila mara: usizunguke. Nenda hospitali ya wilaya, omba rufaa. Sio lazima mwanaume wako akubali kwanza. Piga simu ukiwa njiani.

Ukifika uliza matibabu ya saratani ya mtoto yanalipiwaje. Usiondoke kwa sababu ya hela kabla hujaongea na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Zipo taasisi zinazosaidia, Tumaini la Maisha ya Muhimbili ni mojawapo.

Taja kila kitu alichopewa. Sindano za dukani, mitishamba, vyote. Usituogope. Mimi nikikufoka, nitaje kwa mkuu wa wodi.

Kabla kemo ya kwanza haijaingia, uliza maswali matano haya:
1. Figo zake zimepimwa? Majibu yakoje?
2. Dripu imeanza tangu lini, na inatakiwa iishe saa ngapi?
3. Anapewa alopurinoli?
4. Damu itapimwa tena lini?
5. Mkojo napimia kwenye nini?

Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, uliza tena.

Halafu tafuta kopo lenye vipimo, na kidaftari. Andika saa na mililita. Mtoto wa kilo 20 aliye kwenye dripu ya nguvu tunategemea walau mililita 40 kwa kila saa, yaani karibu lita nzima kwa siku. Saa nne zikipita hajakojoa, niamshe, nivute sare, piga kelele. Mkojo mwekundu, mtoto anavimba uso au miguu, anakakamaa vidole, moyo unakwenda mbio au anapumua kwa shida: usisubiri zamu ibadilike.

Dripu ikiacha kudondoka, ita. Usiifunge wewe, usiifungue wewe.

Maji ya kunywa mpe kadiri daktari alivyosema. Kama figo zimeshaziba tunaweza kuyapunguza, kwa hiyo usilazimishe kwa kusikia kwangu tu.

Siku chache za kwanza za kemo, madafu, ndizi, parachichi na juisi ya machungwa vyote visubiri mpaka daktari aruhusu. Ni vyakula vizuri, ila vina potasiamu nyingi. Najua bibi kaleta madafu kwa upendo. Kunywa wewe mama, unahitaji nguvu.

Nyumbani kati ya raundi na raundi, homa ikipanda ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, na dawa yoyote nyingine, hata septrini, uliza kwanza.

Na tafadhali, msikatishe. Watoto wengi uvimbe unayeyuka raundi ya kwanza, familia inashukuru Mungu inarudi shambani. Uvimbe unarudi, na ukirudi hausikii dawa kama mwanzo.

Mmeniuliza sana habari za yule mama wa chini ya mti. Siku ile nilikaa naye, na yule bibi pia, nikawachorea sinki na magamba kwenye mchanga. Tulikaa karibu saa nzima. Bibi ndiye aliyesema kwanza: "Kumbe ni maji." Mama akaifungua pochi. Ameniruhusu niandike hili bila kuwataja.

Leo ni siku ya nne tangu kemo ianze. Mwisho wake siujui, raundi bado nyingi, na sitawaahidi nisichokishika. Ila nimepita kitandani saa kumi na mbili asubuhi, mama yake kalala kichwa kwenye godoro, kidaftari kiko mkononi. Ameandika usiku mzima. Mstari wa mwisho: saa 11:20, mililita 180. Na shuka lilikuwa limelowa.

Nimelibadilisha mwenyewe. Nikacheka peke yangu.

Nikiwasikia tena mkisema "kemo imemmaliza figo", nitawauliza: alikojoa kiasi gani, na nani alihesabu?